Mlango Uliofungwa Mchana

Kokuberwa hakuwa na ugomvi na mlango wowote, mradi uwe wazi. Nyumbani kwake Nyakatuntu milango ilifunguliwa alfajiri ikafungwa giza likiingia, na aliyefunga mmojawapo kati ya hapo alitakiwa awe na maelezo. Mchana, alipenda kusema, nyumba hufungwa kwa msiba au kwa sababu kuna mtu ndani anakula nyama peke yake. Nikuze, mke wa mwanawe Gosbert, hakuwa na msiba na hakuwa na nyama.

Alichokuwa nacho ni usingizi. Alikuwa nao tangu Agnetha azaliwe, na sasa Agnetha alikuwa anatembea, anasema, anakataa katogo ya ndizi na maharage na kudai chai, na usingizi wa mama yake bado haujalipwa. Mtoto yule alilala mchana mgongoni, kazi zikiendelea, na usiku akawa macho kama mlinzi. Gosbert alikuwa akisafiri na lori la ndizi, akirudi nyumbani analala mara moja kwa moyo mmoja, na asubuhi anamuuliza mkewe kwa nini ana macho mekundu.

Tusimwonee Kokuberwa. Hakuwa mama mkwe wa zile hadithi za kutisha. Hakuwahi kumtukana Nikuze, hakuwahi kumnyima chakula, na siku watu wa ukoo walipong'ong'ona kwamba Gosbert ameoa binti wa Nsanzimana, kibarua wa Bugomora aliyetoka upande wa Rwanda na jembe moja, ni yeye aliyewauliza kama wao walizaliwa na trekta. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Hakuweza kumwona mtu ameketi bila kukumbuka kazi. Ukikaa kwenye kigoda, anakumbuka maharage hayajachambuliwa. Ukijinyoosha kwenye mkeka, anakumbuka kwamba kahawa kwenye turubai haijapinduliwa. Na huwezi kumlaumu, maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuinama anaipindua. Mtu anayekutuma huku amekaa utamnung'unikia. Anayekutuma huku anafanya kazi kukuzidi, utamfanya nini?

Chumba cha Nikuze na Gosbert kilikuwa na mlango wa mbao wenye komeo kwa ndani. Gosbert aliutengenezesha walipofunga ndoa, na Nikuze aliuona kama zawadi kubwa kuliko vitenge vyote. Lakini mchana ulikuwa wazi kama mingine, kwa sababu chini ya kitanda kulikuwa na gunia la mbegu za maharage, bomba la baba mkwe la kupulizia dawa, mwavuli wa Kokuberwa, na kuku mmoja mwekundu ambaye hakukubali kutaga mahali pengine popote. Kila mmoja wa hawa alikuwa na watu wanaomhitaji. Nikuze angeweza kulala barabarani sokoni akasumbuliwa kidogo zaidi.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, nesi Deodatha wa zahanati alipewa nafasi ya kuzungumza na akina mama vijana nje ya kanisa. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzuri na subira nyingi. Alitundika bango kwenye ukuta, akasema leo watazungumzia saratani ya matiti na jinsi ya kujipima mwenyewe nyumbani. Akina mama vijana wakatazama vidole vyao vya miguu. Nikuze alikuwa nyuma kabisa, Agnetha mapajani, amelala macho wazi, ufundi alioupata katika ndoa.

"Chagua siku moja kila mwezi, hedhi ikishapita," alisema Deodatha. "Ingia chumbani. Funga mlango. Usiwe na haraka, na mtu yeyote asikusumbue."

Nikuze akazinduka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili. Alimtazama nesi. Akatazama bango. Kwenye bango kulikuwa na picha ya mwanamke aliyelala chali kwenye kitanda kilichotandikwa vizuri, mkono mmoja chini ya kichwa, uso umetulia. Hapakuwa na kuku popote pale. Nesi aliendelea kueleza kuhusu vidole na kwapa na ngozi inayobonyea, mambo ambayo yangeweza kumsaidia sana Nikuze baadaye, lakini Nikuze hakuyasikia. Alikuwa anafikiria komeo. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu wa serikali akitoa agizo zuri kiasi kile.

Siku iliyofuata alimkuta Kokuberwa uani, ameinamia kahawa.

"Mama, naomba nikajipime."

"Ukajipime nini?"

"Matiti. Nesi ametufundisha jana."

Kokuberwa akajinyoosha. "Yana nini?"

"Hayana kitu. Ndiyo nataka kuhakikisha."

"Kama hayana kitu, unahakikisha nini?"

Swali lilikuwa zuri, kwa hiyo Nikuze akaongeza lile alilokuwa amelitunza. "Amesema mlango ufungwe, mtu asisumbue. Amesema mbele ya mchungaji."

Kokuberwa aliangalia mbingu kidogo, kana kwamba mvua nayo ingetoa maoni. Kisha akanyoosha mikono apewe Agnetha. "Haya. Lakini usichelewe."

Komeo lilishuka. Nikuze akajilaza chali, mkono chini ya kichwa, kama yule wa kwenye bango, ili asiwe amedanganya kila kitu. Juu, bati lilikuwa na tundu la msumari, na jua lilipita hapo likawa doa dogo ukutani. Hakuna aliyemwita. Alisikia jirani amekuja kuazima ungo, akasikia miguu yake ikielekea mlangoni, kisha sauti ya Kokuberwa, ya chini, ile ambayo watu huitumia kusema mtu yuko kwenye sala.

"Usigonge. Anajipima."

Nikuze alitaka kulia kwa furaha, lakini usingizi ulimchukua kabla hajaanza.

Mwezi uliofuata alijipima tena. Uliofuata alijipima mara mbili, akaeleza kwamba mara ya kwanza hakuwa na uhakika. Siku hizo Kokuberwa alihamishia kigoda chake mbele ya mlango, akakaa pale na maharage yake na kahawa ya kutafuna mdomoni, na kila aliyekuja aliambiwa maneno yaleyale. Hata yule kuku alifukuzwa.

Baba mkwe, mzee Cleophace, alikuwa mtu wa mila. Kwa desturi ya huko, mzee na mke wa mwanawe hawasogeleani, hawashikani mikono, na chumba cha mkwe ni mahali ambapo hata kivuli chake hakifiki. Siku moja alihitaji bomba lake la dawa, akamtuma mkewe, na mkewe akamjibu kwamba haiwezekani, Nikuze anajipima matiti. Mzee Cleophace aligeuka, akaingia katikati ya migomba, na hakuonekana mpaka jioni. Tangu siku hiyo bomba lilikaa jikoni.

Wa kwanza kung'amua alikuwa Placidia, jirani, aliyeolewa mwaka mmoja na Nikuze na kuzaa mapacha. Walikutana kwenye chemchemi.

"Mama Agnetha, mbona sura yako inang'aa?"

"Nimejipima."

"Na mimi nilisikia yale mafundisho. Sikuona mtu aliyeng'aa."

"Ulifunga mlango?"

Placidia aliweka ndoo chini. Alifikiri. Kisha akajitwisha ndoo akaondoka haraka, na siku ileile alasiri, mtu aliyepita kwao aliambiwa asigonge.

Kuanzia hapo jambo lilienea lenyewe. Kufika msimu uliofuata wa kuchuma kahawa, kitongoji kizima kilikuwa na milango iliyofungwa mchana, na mbele ya kila mlango mama mkwe au wifi aliyekaa na sura ya kuheshimu kitu asichokielewa. Mmoja alijipima kila mgeni wa upande wa mume alipokuja. Placidia alijipima mara mbili kwa wiki, akisema yake ni makubwa na yanahitaji muda. Wanaume hawakuuliza lolote. Mwanamume wa Nyakatuntu anaweza kukuuliza ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na kwa nini chumvi ni nyingi, lakini hapo hana pa kuanzia.

Habari zilimfikia Deodatha. Alikuwa amezunguka vijiji vingi na bango lake, Isingiro na kwingineko, na kote akina mama walikuwa wamesikiliza vizuri, wakapiga makofi, na hakuna aliyejipima hata mara moja. Hapa tu, kwenye kitongoji hiki kisicho na hata duka la maana, walikuwa wanajipima kuliko alivyoagiza. Alikuja mbio. Aliwakusanya nje ya kanisa, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayetazama shamba lililokubali mbegu.

"Niambieni," alisema. "Ni nini kilichowahamasisha?"

"Afya," alisema Placidia.

"Elimu uliyotupa," alisema mwingine.

"Mlango," alisema Nikuze, maana alikuwa amelala macho wazi na lilimtoka.

"Mlango?"

"Ulisema tufunge mlango."

Deodatha akatikisa kichwa polepole, ameguswa. "Faragha," alisema. "Ni kweli kabisa. Huwa tunaisahau faragha." Kisha akaomba mmoja ajitokeze awaonyeshe wenzake jinsi anavyofanya, juu ya nguo tu. Wote wakatazama nyasi. Nesi akatabasamu, akasema anaelewa, aibu ni kitu cha kawaida. Ilikuwa aibu kweli, ila si ile aliyoidhani.

Nikuze alirudi nyumbani na kitu kidogo kinamkwaruza moyoni. Alijiambia kwamba safari ijayo atajipima kweli, kisha alale. Safari ijayo ilipofika alianza na kulala.

Ndipo siku moja, jua la alasiri liko kwenye tundu la msumari, mlango ukagongwa.

Nikuze alikaa kitako. Tangu aanze, hapajawahi kugongwa.

"Fungua," ilisema sauti ya Kokuberwa.

Nikuze alifungua vifungo vya blauzi haraka ili aonekane alikuwa kazini, akainua komeo. Kokuberwa aliingia, akaurudisha mlango, akashusha komeo mwenyewe. Akaketi kitandani. Nikuze hakuwahi kumwona ameketi kwenye kitu laini.

"Agnetha?" aliuliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Yuko kwa Placidia." Kokuberwa alikuwa anavua kanga ya mabegani. "Hicho unachokifanya humu. Nifundishe."

"Mama?"

"Kwani ni siri? Nifundishe."

Nikuze alitafuta kichwani mwake maneno yote ya nesi akakuta yale mawili tu, funga mlango. Akakumbuka bango. "Unalala chali," alisema. "Mkono mmoja chini ya kichwa."

Kokuberwa akalala chali, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Nikuze alikuwa hajasema upi.

"Halafu?"

"Halafu vidole." Alifikiria ndizi zilizovundikwa kwa ajili ya pombe ya rubisi, jinsi unavyoziminya kujua kama zimeiva, kwa nyama ya kidole na si kwa ukucha, usije ukaziumiza. Lazima ilikuwa kitu cha namna hiyo. "Unabonyeza taratibu, unazunguka."

"Fanya wewe. Macho yangu siku hizi si mazuri."

"Macho hayahusiki, mama, ni vidole."

"Vidole vyangu vimechoka."

Huyu ndiye aliyekuwa akichambua debe la maharage mtu mwingine akiwa bado anatafuta ungo. Nikuze hakubisha. Aliweka mkono. Hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpokea mtoto au kumpa mkono wa shikamoo, na alishangaa kukuta ngozi yake ni laini, laini kama ya Agnetha, hapo ambapo jua halikuwahi kufika. Alianza upande wa kulia. Alizunguka, akabonyeza, hakukuta kitu, na akajisikia amekuwa mtaalamu.

"Na huku," alisema Kokuberwa.

Alihamia kushoto. Juu hakuna kitu. Pembeni hakuna kitu. Karibu na kwapa vidole vikasimama vyenyewe.

Alirudia. Alitamani awe amekosea. Alipita tena taratibu, kama mtu anayepapasa kijiwe kwenye mchele, akiomba kiwe kimepotea. Kilikuwepo palepale, kidogo, kigumu, hakisogei.

Kokuberwa alikuwa anatazama tundu la msumari. "Kuna nini?"

"Kuna kitu."

"Kama nini?"

"Kama punje ya buni."

"Mm," alisema Kokuberwa. Alikaa kitako, akavaa blauzi yake, akafunga kifungo baada ya kifungo bila kukosea. "Basi. Umenifundisha, ahsante. Gosbert usimwambie. Mzee usimwambie. Twende, kahawa haijapinduliwa."

Nikuze aliogopa kweli sasa. Alimwona Kokuberwa anasimama, akajua kabisa kitakachofuata: kahawa itapinduliwa, maharage yatachambuliwa, rubisi itakamuliwa, na ile punje itabaki humo chini ya kanga inakua, kwa sababu mwanamke huyu hajawahi kukaa chini hata siku moja, hata kwa ajili ya kufa. Na yeye Nikuze ni nani wa kumwambia? Binti wa kibarua wa Bugomora, mkwe, mtu wa kutumwa. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, mlango wake utabaki, na kigoda kitabaki mbele ya mlango, mpaka siku ambayo hakutakuwa na wa kukaa juu yake.

Alikwenda akaegemea mlango kwa mgongo.

"Mama, kesho tunakwenda kwa nesi."

"Kesho tunapalilia."

"Kesho tunakwenda kwa nesi."

"Nikuze, toka mlangoni."

"Sitoki."

Kokuberwa alimtazama kwa namna ambayo wanawake wa kanisa wakitazamwa hivyo hurudisha walichoazima. Nikuze hakuondoka. Wakakaa hivyo, mmoja amesimama katikati ya chumba, mwingine ameganda kwenye mbao, na nje kuku mwekundu anagombana na kizingiti.

Kisha wakasikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha mzee Cleophace, kile anachokohoa akiwa mbali ili asimshtue mkwe. Alirudi na njaa, na nyumba ilikuwa kimya, kigoda kitupu.

"Kuna mtu?" aliita.

Kokuberwa akaweka kidole mdomoni. Nikuze akamtazama mama mkwe wake, akafikiri kidogo, na kisha akafanya jambo ambalo hakuna mkwe aliyewahi kulifanya katika boma lile. Alimjibu baba mkwe wake kwa sauti ya kupasua bati.

"Tunajipima, baba!"

Kisha kikasikika kishindo cha mzee Cleophace akiondoka, si kwa kukimbia, mzee hakimbii, ila kwa mwendo ambao ulikuwa jirani sana na huo, akipita kwenye majani makavu ya migomba mpaka hakusikika tena.

Mabega ya Kokuberwa yalianza kutikisika. Nikuze alidhani analia, akamsogelea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kukaa tena kitandani, akajifuta macho kwa pindo la kanga, na alipoendelea kujifuta baada ya kicheko kuisha, Nikuze aliangalia pembeni.

"Nitakwenda," alisema Kokuberwa. "Lakini kahawa tutaipindua kwanza."

Waliipindua.

Deodatha alimpima asubuhi iliyofuata, akarudia, kisha akaandika rufaa. Alisema ni vizuri wamewahi. Alisema pia, akimshika Nikuze bega, kwamba hiyo ndiyo faida ya kufanya kila mwezi bila kukosa, na Nikuze alitamani ardhi ya zahanati ipasuke, ila ilikuwa saruji. Gosbert aliacha lori. Mzee Cleophace aliambiwa ni ugonjwa wa wanawake, akauza ng'ombe bila kuuliza upi. Walikwenda hospitali ya kwanza, wakaambiwa waende ya mbele, na ya mbele ikawaambia Mwanza. Huko walimkata kipande kidogo, wakangoja majibu, na majibu yakaja yale ambayo kila mtu alikuwa ameacha kuyatamka. Titi la kushoto lingetolewa, kisha dawa.

Nikuze ndiye aliyebaki kumuuguza. Mchana mmoja kabla ya upasuaji, wodi imetulia, wagonjwa wengine wamesinzia, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akipanga na kupangua kanga iliyokuwa imepangwa tayari. Lile la moyoni lilikuwa limefika kooni.

"Mama, kuna kitu nataka kukwambia. Kule chumbani, wakati wote ule, mimi nilikuwa—"

"Unakoroma," alisema Kokuberwa.

Nikuze akaacha kanga.

"Tangu siku ya kwanza. Yule aliyekuja kuazima ungo alikusikia pia. Nilimwambia ni paka."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mtaa mzima ulijua, mwanangu. Unakoroma kama baba yake Gosbert."

"Na hukusema kitu?"

Kokuberwa alitazama dari. Ilikuwa dari nzima, haina tundu. "Nikiwa na umri wako nilikuwa na watoto watatu na mama mkwe mgonjwa," alisema. "Nilikuwa nalala nimesimama, nimeshikilia mgomba. Hakuja nesi yeyote wa kusema funga mlango. Wewe umempata wako. Nikuharibie?"

Nikuze alikaa akihesabu vyuma vya kitanda cha jirani, kisha likamjia jingine, polepole.

"Lakini kama ulijua nalala, ulijua pia sijui kujipima. Kwa nini ukaja nikufundishe?"

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia, akaishia mwisho wa korido.

"Sikuja kufundishwa," alisema Kokuberwa. "Nilikuwa nimekwisha kukiona, nikioga. Kila siku nakipapasa, nakikuta. Nikasema labda ni mimi, uzee, mawazo. Nilitaka mkono wa mtu mwingine." Akalivuta shuka mpaka kifuani. "Na sikuweza kumwomba mtu kwenye mlango ulio wazi."

Nikuze alilia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, na Kokuberwa alimvumilia kidogo, kisha akamvuta mkono akamwambia anyamaze, humu ndani kuna watu wagonjwa.

Walirudi Nyakatuntu mvua za vuli zikianza, senene wamekwisha kuanza kuonekana. Kokuberwa alikuwa amekonda, nywele zimekwisha kwa dawa, na kanga ya mabegani ameifunga kwa namna mpya upande wa kushoto. Madaktari walimpa karatasi ya miadi mingine na onyo kwamba asiinue kitu kizito. Alilitafsiri onyo hilo kama adhabu. Alikaa kwenye kigoda uani, mikono mapajani, akitazama wengine wakipindua kahawa vibaya.

Wanawake walikuja kumpa pole na ndizi, na kila mmoja alipotoka alimvuta Nikuze nyuma ya jiko. Hakuna aliyetaja bango. Walitaka kujua kitu kimoja. Placidia, ambaye kwa hesabu zake alikuwa amejipima kuliko mwanamke yeyote wa wilaya ya Kyerwa, alikuwa wa kwanza.

"Kinakuwaje?" aliuliza, na hakuwa na utani usoni. "Mkononi. Kinakuwaje?"

Nikuze alichukua punje ya buni kavu, akaikunjia ndani ya pindo la kanga, akakunja tena juu yake, akamshika Placidia vidole akaviweka. Placidia alipapasa. Alipoifikia, akautoa mkono wake kama amegusa moto, kisha akaurudisha. Juma lile punje za buni zilipungua kidogo kwenye turubai, na Deodatha alipopita na bango lake akakuta wanawake wanamsubiri, wameketi mbele, wanamuuliza maswali ambayo ilibidi afikirie kabla ya kujibu. Ni kidole kipi? Kwapani mpaka wapi? Na mwenye kunyonyesha je? Alishangaa wanauliza ya mwanzo kabisa baada ya mwaka mzima wa mazoezi, lakini alikuwa mwanamke mwenye subira, akawafundisha upya.

Siku ya Nikuze ilipofika, alimwacha Agnetha miguuni pa bibi yake, akaingia chumbani akashusha komeo. Alivua blauzi. Akalala chali, mkono mmoja chini ya kichwa, na safari hii mkono mwingine haukulala. Alianza juu, akazunguka taratibu kwa nyama ya vidole, akashuka, akaenda pembeni, akafika kwapani. Hapo alirudia. Akahamia upande wa pili. Doa la jua lilikuwa limesogea kidogo ukutani alipomaliza.

"Umemaliza?" ilisema sauti nje ya mlango.

"Nimemaliza, mama."

"Kuna kitu?"

"Hakuna kitu."

"Umefika kwapani?"

"Nimefika. Hakuna kitu, mama."

Kisha akasikia kigoda kikisogezwa karibu zaidi, mpaka kikagusa mbao za mlango.

"Basi lala," alisema Kokuberwa.

Nikuze alifumba macho. Alikuwa karibu kuzama aliposikia miguu ya jirani uani, jirani yuleyule wa ungo, ikikata kona kuja mlangoni.

"Usigonge," Kokuberwa alimwambia. "Anajipima."